Kichwa cha Uvira, Mkia wa Galicia

Simama bandarini Kalundu asubuhi, wakati boti za Baraka zinapakia sabuni na mama wauza ndagala wanabishana bei, kisha tazama maji. Ziwa Tanganyika limepakana na nchi nne. Kongo ndiyo unayoikanyaga. Burundi ni ile milima ya mbele yako. Tanzania iko kusini zaidi, upande huohuo wa Burundi, na Zambia imeshika mkia wa ziwa, kule Mpulungu. Sasa iache ramani, sikiliza majina yenyewe. Burundi imevaa kofia, Bu-. Tanzania na Zambia hazina kofia, ila kila moja imefungiwa kitu kwa nyuma: -ia. Kongo imejiendea kichwa wazi.

Kofia ile tunaijua toka utotoni. Watu wa hapa ni Wavira, au Bavira kwa kinywa cha wenyeji. Lugha yao ni Kivira, na nchi yao ni Uvira. Shina ni moja, vichwa vitatu. Richard Burton na John Speke walipofika Uvira kwa mitumbwi mwezi wa Aprili 1858, walikuwa wanatafuta kama mto Rusizi unatoka ziwani kwenda kuwa Nile. Wakaambiwa unaingia. Burton alirudi bila mto wake, lakini katika kitabu alichochapisha mwaka 1860 aliwaeleza wasomaji wa Uingereza jambo ambalo mtoto yeyote wa Kalundu angewaeleza bure: U- ni nchi, Wa- ni watu, M- ni mtu mmoja, Ki- ni lugha. Na kofia huvuliwa. Mji ule ambao taa zake tunaziona usiku ng'ambo uliitwa Usumbura mpaka Burundi ilipopata uhuru mwaka 1962, ndipo ukawa Bujumbura. Urundi nayo ikawa Burundi. Ile U- ilikuwa kofia ya Kiswahili waliyoiandika wageni kwa kuwasikiliza wakalimani wao wa misafara. Warundi wakaitoa, wakarudisha ya kwao. Uvira hatukubadilisha.

Mkia je? Zambia ilipata uhuru tarehe 24 Oktoba 1964, na jina lake limetokana na mto Zambezi. Siku tano baadaye, tarehe 29 Oktoba, jirani yake wa kaskazini akatangaza jina jipya: Tan ya Tanganyika, Zan ya Zanzibar, kisha -ia. Yapo masimulizi mengine kuhusu herufi hizo mbili za mwisho na nani alizipendekeza. Siyapingi, ila naona sikio lililozikubali lilikuwa limekwisha kuzoea Ethiopia na Nigeria. Ni mkia wa Kilatini. Warumi waliutumia kutengeneza nchi kutokana na watu au shina lolote: Gallia, Italia, Hispania. Hakuna Mrumi aliyewahi kuliona ziwa hili, na bado ndani ya wiki moja ya Oktoba nchi mbili za pwani yake ziliukubali mkia wake.

Hapo ndipo inaponijia Galicia. Ni pembe ya kaskazini-magharibi ya Hispania, nchi ya mvua na wavuvi, yenye lugha yake iliyokuwa moja na Kireno katika Karne za Kati, na hadi leo Mreno na Mgalicia wanaelewana bila mkalimani. Warumi walikuta huko watu waliowaita Callaeci, baadaye Gallaeci. Wakafunga -ia kwenye jina lao, nchi ikawa Gallaecia. Fundi wa Kirumi na fundi wa Kivira walifanya kazi ileile: kuchukua jina la watu na kulifanya nchi. Mmoja alipigilia msumari nyuma, mwenzake mbele.

Nisije nikaonekana nasema kwamba sisi ni watu wa vichwa tu. Walimu wetu wa sarufi wametufundisha viambishi awali na viambishi tamati, na wana haki. Tazama mtu anayetoka ziwani na wavu: amevua, basi ni mvuvi. M- iko mbele, -i iko nyuma, na ukiondoa mojawapo neno halisimami. Tazama kituo: ki- mbele, -o nyuma, na katikati kitendo cha kutua. Mgalicia anayefanya kazi hiyohiyo baharini ni "pescador", na Mhispania wa Madrid humwita vivyo hivyo, kutoka Kilatini "piscator": samaki, halafu -tor, mtendaji. Sisi hubana neno kwa mikono miwili, Mlatini hulishika kwa mkono mmoja. Mkia wetu ulio hai kuliko yote siku hizi nadhani ni -ji. Mtangazaji, mwekezaji, mchezaji: kila kazi mpya ikizaliwa mjini, -ji inakwenda kuipokea. Huyo ndiye -tor wetu.

Nikiwa Kalundu napenda kusikiliza maneno ya kazi, kwa sababu bandari ni mahali ambapo maneno hushushwa bila kufunguliwa. Sikiliza mazungumzo ya kawaida kati ya mama mwenye mizigo na mlinzi wa ghala:

"Papa, bantu ba duane bamefika?"

"Bado, mama. Shofere njo anabaleta."

Maneno mawili ya Kifaransa, na la kwanza lina hadithi. Mtu wa Dar es Salaam angesema forodha na dereva. Huku ni duane na shofere. Duane ni "douane", na babu yake si Mrumi hata kidogo: ni "diwan" ya Kiajemi, daftari na ofisi ya hesabu, iliyopita kwa Waarabu. Waitalia waliipokea bandarini wakaigeuza kwa ulimi wao, Wafaransa wakaichukua kwao. Wahispania walioishi na Waarabu karne nyingi waliipokea pamoja na ile "al" ya Kiarabu iliyomezwa, ikawa "aduana". Na sisi, tulioipata kwa njia ya Bahari ya Hindi, tuna diwani wa kata na diwani ya mashairi. Kwa hiyo mama yule wa Kalundu akitoka duane akaenda kumlalamikia diwani wake, ametumia neno lilelile mara mbili katika asubuhi moja, lililofika kwake kwa barabara mbili zilizozunguka dunia.

Lakini sura hii ni ya mikia. Mfaransa alipotaka kumpa jina mtu anayefanya kazi duane, alichukua neno hilo la Kiajemi akalifunga mkia wa Kilatini: "douanier". Mhispania: "aduanero". Mgalicia: "aduaneiro". Mikia hiyo mitatu, -ier, -ero, -eiro, ni mmoja, -arius wa Warumi, aliyemtaja mtu kwa kitu anachokishughulikia. Mkia haukuuliza neno limetoka wapi. Mashina hupotea, huibwa, huazimwa kwa adui na kwa jirani, mkia hubaki kazini. Mrumi amekufa, dola lake limekufa, lakini nyundo yake bado inapiga misumari kwenye mbao za Waajemi.

Njia ambayo -arius alipita inafaa kuangaliwa polepole. Katika vinywa vya watu wa kawaida ile "i" iliruka "r" ikakaa mbele yake: -ario ikawa -airo. Kisha "ai" ikalegea ikawa "ei": -eiro. Galicia na Ureno walishuka kituo hicho. Kastilia, kwao Kihispania, iliendelea na safari, "ei" ikabanwa ikawa "e" tupu: -ero. Ni kama abiria wawili waliopanda boti moja Kalundu, mmoja akashuka Baraka, mwingine akafika Kalemie. Ukimsikia Mgalicia akisema "mariñeiro" na Mhispania akisema "marinero", hujasikia maneno mawili, umesikia baharia yuleyule katika bandari mbili za safari yake.

Na kipande cha safari hiyo kinapepea Kalundu kila siku. Angalia mlingoti wa boti yoyote: bendera. Wareno walifika pwani yetu mwaka 1498, wakatolewa Mombasa mwaka 1698 baada ya Ngome Yesu kuanguka, na kwa miaka hiyo mia mbili walituachia maneno machache kuliko unavyodhani. Bendera ni mojawapo. Kwao ni "bandeira", neno ambalo Mgalicia hulitamka na kuliandika vilevile. Shina lake ni la Wagermani, alama ya kikosi vitani. Mkia wake ni -aria, dada yake -arius. Mabaharia wa Kiswahili walilisikia wakalibana: "ei" ikawa "e". Bila kumuuliza mtu wa Kastilia, ambaye husema "bandera", walifika kituo chake kwa miguu yao wenyewe. Kisha neno likapanda bara na misafara iliyotembea na bendera nyekundu ya Sultani wa Zanzibar mbele, hadi Ujiji, na kutoka Ujiji likavuka maji kuja huku.

Mkia huohuo huingia mara ya pili kwa mlango wa mbele, umevaa suti. Mapadri na wanasheria wa Ulaya, walipohitaji maneno mapya, hawakuyachukua sokoni. Waliyatoa vitabuni, kwenye Kilatini kilichokuwa hakijachakazwa na ulimi wa mtu. Ndiyo maana Kifaransa kina -ier ya mtaani na -aire ya ofisini, Kihispania kina -ero na -ario, Kigalicia kina -eiro na -ario. Mtoto wa Kalundu huishi na yote mawili bila kujua. Yuko "primaire", na mwisho wa mwaka akiongoza darasa nyumba nzima inaambiwa amekuwa "premier". "Primaire" na "premier" ni neno moja la Kilatini, "primarius". Moja lilitembea kwa miguu miaka elfu moja na kitu, jingine lilisafirishwa ndani ya kitabu. Wahispania wana "primero" na "primario", Wagalicia "primeiro" na "primario". Na komisere wa bandari, anayesaini karatasi za boti, ni wa suti: "commissaire". Angekuwa wa mtaani angeitwa vingine.

Tofauti hiyo hiyo unaiona kati ya mwenye boti na mvuvi wake. Mwenye boti Kalundu ni "armateur", mvuvi ni "pêcheur". Wote wawili ni -tor ya Kilatini. Ya mvuvi ilimomonyoka vinywani mpaka ikabaki -eur, ile ya tajiri ilitolewa kitabuni na t yake nzima. Hata mkia unajua nani ana pesa. Hispania na Galicia hawakuwatenganisha: "pescador" na "armador", mkia mmoja, na bandarini Vigo watu hao wawili wanagombana juu ya mgawo wa samaki kama wanavyogombana huku juu ya mukeke.

Ukitoka bandarini kwa gari utakutana na kizuizi cha peaji, pesa za kutengeneza barabara, ambazo kila shofere ana maoni yake kuhusu zinakokwenda. Peaji ni "péage", na "péage" ni "pedaticum" ya Kilatini cha baadaye: kodi ya mguu, haki ya kuweka mguu wako pahali. Mkia -aticum ulikuwa wa mambo ya malipo na haki kabla haujapanuka. Kaskazini mwa milima ya Pirenei uliyeyuka ukawa -age, na wafanyabiashara na mahujaji wakaushusha kusini, Wahispania wakauandika -aje na Wagalicia -axe: "peaje", "peaxe". Mtoto halali wa -aticum aliyezaliwa Kastilia kwenyewe ni -azgo, kama katika "portazgo", kodi ya kupita lango au bandari, lakini mgeni aliyevaa vizuri alimfunika.

Katika kazi ya mikia hii pana jambo linalomhusu sana Mswahili. Kwetu ni kichwa kinachotawala upatanisho. Kituo kidogo kimefungwa, vituo vidogo vimefungwa: ki- na vi- zinatembea sentensi nzima kama mlinzi anayempigia saluti kila anayepita. Katika lugha za Kilatini kazi hiyo iko mkiani. Neno lililoishia na kizazi cha -tio ni la kike, upende usipende: "la direction" kwa Mfaransa, "la dirección" kwa Mhispania, "a dirección" kwa Mgalicia. Mtu hahitaji kujua neno lina maana gani. Anautazama mkia, anajua kivumishi kivae nini. Na mikia ikihama inaweza kubadilisha jinsia njiani. Safari ni ya kiume Kastilia, "el viaje", na ya kike Galicia, "a viaxe", kwa mkia uleule. Mtu aliyelelewa Kigalicia akizungumza Kihispania huteleza hapo, kama vile mtu wa Uvira anayesema "katoto" na "tutoto" nyumbani anavyoteleza akiandika insha ya shule inayotaka "kitoto" na "vitoto". Ka- yetu ni udogo wa mbele. Mgalicia huweka udogo nyuma: "casiña", kijumba, ambapo Mhispania husema "casita".

Nimetaja -tio, na siwezi kuupita mkia huo nikiwa bandarini, kwa sababu serikali yote inaendeshwa nao. Ushuru uko chini ya DGDA na wasafiri wako chini ya DGM: D ya mwanzo ya kila moja ni "Direction", na M ni "Migration". Lakini kinachonivutia si wingi wake. Ni kile kinachotokea kwa herufi t. Mrumi wa kale alisema "statio" kwa t ngumu, mahali pa kusimama, kutoka "stare", kusimama. Ile "i" iliyofuata ikaikaza t kwenye kaakaa, t ikaanza kulainika, ikawa "ts", kisha Mfaransa akafika kwenye "s", Mgalicia na Mhispania wakaandika "estación". Mwingereza naye akaipata kwa Mfaransa akailainisha zaidi ikawa "sh", ndiyo maana Kigoma, ambako reli ya Wajerumani ilifika mwaka 1914, watu wanakwenda stesheni. Sisi huku, tuliofundishwa na Mbelgiji, tuna misioni, na wenzetu wa ng'ambo wana misheni. Ziwa limekatwa katikati na mkia mmoja: -sioni upande wa machweo, -sheni upande wa mawio.

Sasa chukua neno letu "fuata". Mtu anayefuata ni nani? Mfuasi. T imekwenda wapi? Imelainishwa na -i ya mwisho, ikawa s. Pika, mpishi: k imelainika. Jenga, mjenzi. Linda, mlinzi. Gomba, mgomvi. Kilatini na Kibantu hazikuwahi kula sahani moja. Lakini mdomo wa binadamu ni mdomo, na "i" ikija nyuma ya konsonanti hunyanyua ulimi kuelekea kaakaa, iwe Roma, iwe Santiago de Compostela, iwe Kalundu. Mwanafunzi akiniuliza kwa nini "nación" ina c laini wakati babu yake "natio" alikuwa na t, simpeleki Ulaya. Namwambia aseme "fuata", halafu "mfuasi".

Kihispania chenyewe kiliwahi kufika mwambao huu kwa sauti za watu wazima wenye bunduki. Waasi wa Simba waliiteka Uvira mwezi wa Mei 1964. Tarehe 24 Aprili 1965, Ernesto Guevara, Mwargentina anayejulikana kama Che, alivuka ziwa kutoka Kigoma akatua Kibamba, kusini mwetu katika milima ya Fizi, na Wakuba wa mwanzo. Mkubwa wao huko Havana, Fidel Castro, alikuwa mtoto wa Ángel Castro, mhamiaji kutoka Láncara, Galicia. Wagalicia waliohamia Kuba na Argentina walikuwa wengi mno hata Mhispania yeyote aliyeshuka melini huko aliitwa "gallego" bila kuulizwa kijiji. "Gallego" ni yuleyule Gallaecus wa Warumi.

Wakuba wa Che walijiita kwa jina la kazi, "guerrilleros". Lichanue neno hilo kama unavyochanua wavu. Ndani kabisa kuna "guerra", vita, ambayo si ya Kilatini. Ni "werra" ya Wagermani, kwa maana Warumi walipata vita vyao vya mwisho kutoka kaskazini pamoja na neno lenyewe. Juu yake kuna -illa, ile -ella ya Kilatini ya kupunguza: vita vidogo. Juu yake tena kuna -ero, yule -arius wetu wa aduanero na bandera: mtu wa vita vidogo. Mgalicia angesema "guerrilleiro". Ni tabaka mbili, na zote zimekaa nyuma ya shina. Sisi tuliwaita wenyeji wao waasi, mwasi mmoja: shina la Kiarabu, kofia ya Kibantu, basi.

Tarehe 29 Juni 1965 kikosi cha Wakuba na wapiganaji wa Kinyarwanda kilishambulia kambi iliyolinda kituo cha umeme wa maji kwenye mto Kyimbi, upande wa kusini wa mstari huu wa milima. Mahali hapo panaitwa Bendera. Wakuba wanne walikufa, na karatasi walizobeba zikawaonyesha maadui zao ni nani hasa waliokuwa wanapigana nao. Kila mtu mwenye Kihispania katika kikosi kile angelielewa jina la mahali kwa kuambiwa tu. Asingehitaji mkalimani: "bandera".

Kwa mengine yote alihitaji. Che alipewa kijana wa kumfundisha Kiswahili, Freddy Ilanga, ambaye baadaye alipelekwa Kuba akawa daktari huko. Majina ya vita yalitolewa katika Kiswahili, ya kwanza kwa kuhesabu. Víctor Dreke alikuwa Moja, José María Martínez Tamayo alikuwa Mbili, na Che mwenyewe alikuwa Tatu. Waliomfuata baadaye ni Siki na Tembo. Hesabu kwetu ni maneno ya ajabu kidogo: ukiyataja peke yake hayadai kitu, ukiyaweka na watu yanadai kofia mara moja, watu wawili, watu watatu. Che alichukua shina tupu. Kwa miezi saba, mtu ambaye kazi yake kwa lugha yake ilihitaji kubeba mikia miwili alitembea katika milima ya Fizi akiitwa kwa neno lisilo na kichwa wala mkia. Tarehe 21 Novemba 1965 alipanda boti usiku, akavuka kurudi Kigoma.